Muuguzi Aliyetoka Wodini Hajausaliti Wito

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Walitaraji awe na mtu kando yake anayeijua haja yake kabla hajaitamka. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Kayole na Dandora, mgonjwa wa leo huulizwa mengi: kitambulisho, usajili wa bima, barua ya rufaa, idhini ya malipo kabla ya upasuaji. Aghalabu hana wa kumjibia.

Pengo hili ndilo linalozibwa na wauguzi waliohudumu wodini kwa miaka kadhaa, kisha wakaajiriwa na kampuni za bima au hospitali za kibinafsi kuifuatilia safari nzima ya mgonjwa. Wao huchunguza iwapo tiba iliyopendekezwa inafaa, huomba idhini, hupanga siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani na kuhakikisha kwamba huko yupo wa kumsafisha kidonda.

Wapo wanaowashutumu kwa kuukimbia wito. Shutuma hiyo haina mashiko. Mgomo wa wauguzi wa umma wa mwaka 2017, uliodumu takriban miezi mitano, ulidhihirisha kwamba wito pekee haumlishi mtu wala haumpunguzii uchovu. Isitoshe, kazi yenyewe si ngeni katika uuguzi. Lillian Wald, mwanzilishi wa Henry Street Settlement mjini New York mwaka 1893, alikuwa muuguzi aliyewafuata wagonjwa maskini majumbani mwao, akishughulikia maradhi pamoja na hali zilizoyazaa.

Hoja nzito ni nyingine: muuguzi huyu anamtumikia nani? Akilipwa na kampuni ya bima, anatakiwa kumtetea mgonjwa na papo hapo kuulinda mfuko wa mwajiri. Mshika mawili moja humponyoka, na ni rahisi kutabiri litakaloponyoka. Ujuzi uliopatikana kando ya kitanda waweza kugeuzwa kufuli la kumfungia nje mwenye kitanda.

Dawa yake si kuwazuia wauguzi kuhama, bali kuileta kazi hii katika hospitali za umma. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya hazina ya bima iliyoundwa mwaka 1966. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na ajira rasmi hulipa angalau shilingi 300 kwa mwezi. Mamlaka hiyo ina mifuko mitatu, na kila mmoja una masharti yake. Mama mboga wa Umoja anayechangia anastahili mfafanuzi sawa na karani wa benki wa Buruburu. Maafisa wa ustawi wa jamii wamefanya mengi hospitalini, lakini muuguzi ndiye awezaye kusoma faili ya matibabu na hati ya bima kwa pamoja. Hospitali kama Mama Lucy Kibaki na Pumwani zingefaidika kwa kuwapa wauguzi wazoefu jukumu hili, wakishirikiana na wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao takriban 100,000 walizinduliwa nchini mwaka 2023.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapohusika. Kazi hii haina jina lililokubalika. Ikiitwa kwa tafsiri sisisi 'umeneja wa kesi', mzee wa Makongeni atadhani ameitwa katika mahakama ya Makadara, kwani kwake kesi ni mashtaka. 'Msimamizi' naye hunukia amri. Pengine 'mratibu wa matibabu' ingefaa, kwa kuwa kuratibu ni kupanga mambo yafuatane. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi na ikampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachowezekana. Haki mbili hizo hukutana pale mgonjwa anapoelezwa, kwa lugha anayoielewa, kwa nini ombi lake limekataliwa na afanye nini.

Neno 'muuguzi' limetokana na kuuguza, yaani kumtunza anayeugua. Kitenzi hicho hakitaji wodi wala kitanda. Maadamu anayeugua anatunzwa, aliyeketi mezani na simu mkononi bado anauguza.