Shamba Lako, Jina la Kaka

Jumuiya yetu ya ughaibuni inajua kuzika. Taarifa ya msiba ikiingia WhatsApp asubuhi, hadi jioni hela ya tiketi na jeneza imepatikana. Tunaposhindwa ni baada ya matanga: nani achukue shamba la miwa la Ruhembe, nani abaki kwenye nyumba ya Mikumi, nani awe msimamizi wa mirathi.

Tuseme ukweli kuhusu mashamba hayo. Wengi wetu tuliyanunua kwa simu. Hela ilitumwa, kaka akaenda kwa muuzaji, mwenyekiti akagonga muhuri, na kwenye karatasi ya mauziano likaandikwa jina la kaka kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwepo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ila kaka akifariki, karatasi inasema shamba ni la marehemu, na watakaolidai ni mjane na watoto wake. Wewe utafika mahakamani na risiti za kutuma hela, ambazo hazisemi kama zilikuwa za shamba, za ada au za dawa za bibi. Wosia wako, hata ukiandikwa vizuri namna gani, hauwezi kugawa kisichokuwa na jina lako.

Kwa wanaouza miwa kiwanda cha Kilombero, jina lina uzito zaidi. Malipo hupitia chama cha wakulima hadi kwa mwanachama aliyesajiliwa. Akifa, akaunti yake haiguswi mpaka mahakama iteue msimamizi. Miwa haina subira hiyo: machipukizi yanataka palizi na mbolea, na wa kulipa vibarua haonekani.

Kisha lipo la mila. Wavidunda na Wasagara huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo mjomba na watoto wa dada wana kauli. Kanuni za urithi wa kimila zilizotolewa na serikali mwaka 1963, kwa Tangazo Na. 436, zimejengwa juu ya ukoo wa baba na kumweka binti daraja la mwisho. Waislamu wana sheria yao, ambayo kwayo wosia hauvuki theluthi moja ya mali. Na mji wetu wa Ruaha umejaa watu waliofuata miwa. Nyumba moja ina Mvidunda, Mpogoro na Mhehe. Pasipo wosia, kikao cha ukoo kitaanza kwa kubishania mila ya nani ifuatwe, na mjane akiwa amekaa kimya pembeni.

Kuandika wosia hakuna ugumu huo unaohofiwa. Kanuni hizo za 1963 zinataka wosia wa maandishi uwe wa wino, wenye tarehe, na mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mwingine wa nje. Asiyejua kusoma anahitaji wanne. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) nao hupokea wosia na kuutunza. Wanaosema kuandika wosia ni kujiita kaburini, mbona bima ya gari wanalipa?

Wapo waliokwishaandika wosia Uingereza, au kuanzisha udhamini wa familia Marekani. Wamefanya vema. Lakini ardhi hufuata sheria ya nchi iliko, kwa hiyo mali za Tanzania ziandikiwe wosia wa peke yake. Hapo pana mtego. Wosia mwingi wa huko hufungua kwa sentensi inayofuta kila wosia uliotangulia. Ukiutia saini baada ya ule wa nyumbani, umeufuta wa nyumbani bila habari. Mwambie wakili aandike waziwazi kwamba huu unahusu mali za huko tu.

Na wenye pasipoti nyingine? Sheria ya Ardhi ya 1999 ilimfungia asiye raia, isipokuwa kwa uwekezaji. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho yanayowapa hadhi maalumu wenye asili ya Tanzania. Someni masharti yake kabla ya kumtaja kwenye wosia mtoto aliyezaliwa ughaibuni. Kumwachia shamba asiloruhusiwa kulimiliki ni kumwachia kesi.

Ombi letu kwa kila mwanajumuiya ni hili. Kabla ya wosia, shughulikia jina. Mpigie kaka, dada au mjomba aliyeandikwa, mzungumze kwa heshima, maana amekulindia mali miaka yote hii na anastahili chake. Kisha andikeni makubaliano mbele ya ofisi ya kijiji, na likizo ijayo uende mwenyewe kufuatilia hati ya hakimiliki ya kimila. Kwenye makubaliano hayo, saini ya kaka peke yake haitoshi. Shemeji na watoto wake wakubwa nao watie saini kama mashahidi, kwa sababu kaka akishaondoka, utakaokaa nao mezani ni hao.