Lindi na Vimbunga: Mji Uliosahau Historia ya Ugonjwa Wake



Mimi ni muuguzi hapa Doha, mzaliwa wa Lindi mjini. Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji wa kimya, lakini leo naomba nichangie jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea pwani yetu. Nilikuwa zamu ya usiku. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatoa tahadhari, nami nikampigia mama kumwomba watoke nyumbani kwetu bondeni, wakalale kwa mama mkubwa kule mlimani. Akanijibu kwa upole: "Mwanangu, kwetu hapa kimbunga hakijawahi kufika. Hata mwaka ule wa Mtwara mlitutisha hivi hivi, kikapita."

Mama yangu si mjinga. Anasema anachokijua. Tatizo ni kwamba anachokijua si kweli.

Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Siyo pembeni ya Lindi, siyo Msumbiji, ni Lindi yenyewe. Nilipokuwa mafunzoni hospitali, kabla sijaja huku, tulikuwa tukiwauliza wazee umri wao ili tujaze kadi, wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Bibi mmoja akaniambia, "Andika nilikuwa natambaa mwaka wa kimbunga." Nikacheka nikidhani ni msemo tu. Nilikuja kujua baadaye kwamba bibi yule alinipa tarehe iliyo sahihi kuliko vyeti vingi.

Miaka 80 kamili kabla ya hapo, tarehe hiyo hiyo ya 15 Aprili, mwaka 1872, kimbunga kilipiga Zanzibar wakati wa Sayyid Barghash. Kilizamisha meli zake na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja. Pemba ilisalimika zaidi, ndiyo maana baada ya hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu mpaka leo. Yaani upepo wa siku moja ulibadilisha uchumi wa visiwa viwili, na bado tunaambiana kwamba kwetu hakuna vimbunga!

Ni kweli kwamba ni nadra, na sababu yake inajulikana. Kimbunga hupata mzunguko wake kutokana na dunia kujizungusha, na karibu na Ikweta nguvu hiyo ni hafifu. Lindi iko kiasi cha nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, ukingoni mwa eneo la hatari. Lakini nadra maana yake si kamwe. Tuangalie na hizi za karibuni. Kenneth, Aprili 2019: watu wa Mtwara waliambiwa wajihadhari, kikaangukia Cabo Delgado, Msumbiji, na kuua. Jobo, Aprili 2021: kilidhoofika kabla ya kutufikia. Hidaya, Mei 2024: kilidhoofika kilipofika Mafia, lakini mvua yake ilikata barabara ya Dar kwenda Lindi na Mtwara maeneo ya Kilwa. Kwa mgonjwa aliyepewa rufaa ya Muhimbili, barabara hiyo ndiyo uhai wake.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Ndani ya miaka sita tumeonywa mara tatu, na mara zote tatu tumenusurika. Mtu asiyejua habari za 1952 anajifunza nini? Anajifunza kwamba "wataalamu wanatutisha bure." Kila tukinusurika, imani ya watu kwa tahadhari inapungua. Siku kitakapokuja cha kweli kama cha 1952, ndiyo siku ambayo watu watakuwa wamechoka kusikiliza. Na Lindi ya leo siyo ile ya 1952, watu ni wengi zaidi.

Sisi wauguzi hatuanzi na dawa, tunaanza na historia ya mgonjwa. Ulishawahi kuugua hivi? Lini? Ilikuwaje? Mji wetu ukiulizwa maswali hayo unajibu "sijawahi," wakati faili lake lipo, limeandikwa kwenye vichwa vya wazee. Aliyekuwa na miaka saba wakati ule sasa ana takriban 80. Kila msiba wa mzee ninaopigiwa simu kutoka Lindi ni ukurasa mmoja umechanika.

Najua wapo watakaosema ajali haina kinga. Samahani, huo msemo umetuulia watu wengi. Wengine watasema niache kulinganisha na Qatar yenye hela. Sawa, lakini hela peke yake hazitoshi. Oktoba 2018 Doha ilipata mvua ya siku moja iliyokaribia ya mwaka mzima, njia za chini ya barabara zikajaa maji, sisi tuliokuwa kazini tukaunganisha zamu kwa sababu wenzetu walishindwa kufika. Mji wa jangwa haukuwa umezoea maji, hela zisisaidie. Kusahau hakuchagui tajiri wala maskini.

Tufanye nini? Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Basi waheshimiwa madiwani wa Lindi, wa chama chochote, maana maafa hayana chama, wazipe kazi kamati hizo. Wazee wote wa umri huo wahojiwe na kurekodiwa hata kwa simu: maji yalifika wapi, nyumba zipi zilibaki, watu walikimbilia wapi. Kisha kila mwaka ifikapo 15 Aprili mtaa ukumbushane: tukiambiwa tuondoke tunakwenda wapi, nani anambeba bibi asiyetembea, dawa za presha na sukari nani anazichukua.

Nasi wa ughaibuni tujitazame. Tunachangishana haraka sana kwa rambirambi, lakini sikumbuki hata mara moja tumechangishana kabla ya msiba. Kumlipia kijana mmoja nauli na vocha azunguke kwa wazee wa mitaa yetu ni pesa ya chakula cha mgahawani jioni moja hapa Doha. Mimi nimeshaanza: nimemtuma mdogo wangu kwa wazee watatu wa mtaa wetu.

Usiku ule wa Hidaya mama hakuhama. Aliamka salama, akanitumia ujumbe: "Unaona? Nilikwambia." Nilimshukuru Mungu, lakini ujumbe ule bado unaniogopesha kuliko upepo wenyewe.

Naomba kuwasilisha.