Daktari wa Pili

Ndugu wafanya kazi, mwenzetu akifa kazini tusilipokee upesi neno la kwanza. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walikufa kambini Hola, siku ile walipolazimishwa kufanya kazi. Tangazo la Serikali likasema wamekufa baada ya kunywa maji. Maji! Maiti zilipopasuliwa zikaonekana alama za kupigwa.

Twawaomba jamaa wa marehemu: daktari wenu awepo tangu maiti ipasuliwapo mara ya kwanza. Uchunguzi wa pili wafaa sana, lakini daktari wa pili hukuta moyo na mapafu yamekwisha katwa, naye hutegemea picha na maandishi ya mwenzake. Tena maiti ikisha tiwa dawa ya kuihifadhi, sumu nyingine hazipimiki sawasawa. Damu itolewe kwanza.

Sheria ya 2007 ya fidia ya kuumia kazini yawapa waliomtegemea marehemu mapato yake ya miezi 96, iwapo kazi ndiyo iliyomwua. Karatasi ikiandikwa “moyo ulisimama” tu, tajiri atasema ni maradhi yake. Nani amekufa moyo usisimame?

Jamaa na waje ofisini kwetu kabla ya kuzika.