Safari ya siku moja huanzia treni ya kurudi

Mwanafunzi wetu afikapo Lyon, Ufaransa, hutazama ramani ya reli akadhani kila mji u jirani. Asubuhi Annecy, alasiri Grenoble! Hiyo si ziara, ni mbio.

Yafaa apangaye matembezi ya siku moja aanze na treni ya mwisho ya kurudi, ndipo atafute ya kwenda. Jumapili na sikukuu treni za mikoani hupungua, na aikosaye ya mwisho hulazimika kulala hotelini kwa fedha asizokuwa nazo. Aidha, ratiba huandikwa kwa saa 24: 19h12 ni saa moja na dakika 12 za jioni. Sisi tuhesabuo saa toka macheo tuna hesabu mbili za kufanya, na walimu wangefanya vyema kulifunza hilo kabla ya vitenzi vingi vya Kifaransa.

Kwa safari ya kwanza, Vienne yatosha. Iko kusini mwa Lyon, kando ya mto Rhône, mwendo wa kama nusu saa. Na treni ya mkoa, tofauti na TGV, haihitaji kuwekewa nafasi. Hekalu la Augusto na Livia, lililojengwa na Warumi, laweza kufikiwa kwa miguu kutoka stesheni. Ila anunuaye tiketi atazame vyema: Wafaransa huuita Vienne pia mji mkuu wa Austria.

Migomo nayo haikosi. Sheria ya 2007 yataka abiria waarifiwe angalau saa 24 kabla ya usafiri kuvurugika. Basi ratiba itazamwe tena jioni ya kuamkia safari.