Nukta ya Desimali na Kipimo cha Dawa

Twafundisha desimali mara nyingi kana kwamba nukta ni pambo. Hebu tumtazame muuguzi. Mtoto ana kilo 12. Apewe parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, yaani miligramu 180. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika mililita 5. Jibu ni mililita 7.5. Nukta ikisahauliwa huwa 75, kipimo kiwezacho kudhuru ini la mtoto.

Chuo cha uuguzi kitamzoeza hesabu hizi, lakini tabia ya kukadiria kabla ya kukokotoa (180 ni 120 na nusu yake) huanzia kwetu. Mwanafunzi aandikapo 75, tusimwekee alama ya kosa tukapita. Tumwulize: chupa ya mililita 60 ingetosha?