Umri wa Paa na Gharama ya Bima

Tangu Mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012 na Mpanda kuwa makao makuu yake, watumishi wengi wa umma wamehamia mjini humo na kupanga nyumba Makanyagio, Kashaulili, Majengo na Nsemulwa. Baadhi yao, hasa walimu wanaokaribia kustaafu, nao wamejenga vyumba vya kupangisha. Hao hawana budi kufahamu kwamba mkaguzi wa bima hashughulishwi na rangi ya kuta. Yeye hutazama juu.

Paa la bati huchakaa kimya kimya. Kutu huanzia penye tundu la msumari, papi huliwa na mchwa, na upepo utanguliao mvua za Novemba huja kumaliza kazi. Mwenye nyumba husema ni maafa. Mkaguzi, akiwa ameshika ubao uliooza, husema ni uchakavu. Na uchakavu haukatiwi bima. Ndiyo sababu paa lililozeeka huweza kuongezewa ada, kuwekewa masharti, au kunyimwa kabisa kinga ya dhoruba. Hata likikubaliwa, fidia kwa kawaida hufuata thamani ya paa siku lilipong'oka, si bei ya bati jipya dukani, isipokuwa mkataba umesema vingine.

Wapo wadhanio kuwa watapunguza ada kwa kutaja thamani ndogo. Huko ni kujipunja. Nyumba ya shilingi milioni 40 ikikatiwa bima ya milioni 20, na upepo ukaleta hasara ya milioni 4, mikataba mingi ya majengo itamlipa mwenyewe milioni 2 tu, kwani nusu ya hatari aliamua kuibeba yeye.

Lisilovumilika ni kumpandishia mpangaji kodi kwa kisingizio cha bima, ilhali paa halijaguswa tangu lilipoezekwa. Bima hiyo ni ya jengo. Godoro, vitabu na redio ya mwalimu vikilowa, havimo.

Shirika la Bima la Taifa halimiliki tena soko peke yake, kama lilivyofanya kuanzia 1967 hadi sheria ya 1996 ilipofungua milango. Mwenye nyumba anaweza kulinganisha ada na masharti ya kampuni mbalimbali. Lakini kila kampuni itamwuliza paa liliezekwa lini. Fundi na apandishwe darini mwezi Septemba, na risiti ya bati itunzwe pamoja na hati ya kiwanja. Wengi huitupa siku ile ile fundi anaposhuka ngazi.