Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale, Zanzibar: Usiku Nao Una Wafanyakazi

Mheshimiwa Waziri,



Nakuandikia kutoka Soweto, Mbeya, mji wa baridi usio na bahari, na pengine utajiuliza mtu wa huku ana neno gani na fukwe za Unguja. Neno ninalo, kwa sababu vijana wetu ndio wanaokesha huko. Ingia baa ya Nungwi, Kendwa au Paje saa sita za usiku, umuulize anayepiga muziki kwao ni wapi, umuulize na dada wa kaunta. Usishangae ukisikia Tukuyu, Makambako, Mafinga au Kyela. Utalii si jambo la Muungano, hilo tunalijua: Zanzibar ina wizara yake na bara ina yake. Lakini chupa za Kendwa zinafunguliwa na Wanyakyusa na Wabena pia, na sijui wao wanahesabiwa kwenye wizara ipi.

Naomba turudi Machi 2020. Tarehe 16 Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, Arusha. Tarehe 18 Zanzibar nayo ikapata wa kwake. Ndege kutoka Italia zilikuwa zimeshasimamishwa tangu mwanzoni mwa mwezi, na Kiwengwa, ambako hata muuza madafu anajua Kiitaliano cha kumtosha kupatana bei, palikuwa pameanza kupwaya. Shule zikafungwa, michezo na matamasha yakazuiwa, wanaoingia nchini wakaambiwa wakae karantini siku 14. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa nchi nzima.

Wengi husema utalii ulikufa siku ndege zilipokoma. Mimi nasema ulianza kufa usiku, kabla ya hapo. Mgeni aliyebaki hotelini akisubiri ndege ya kumrudisha kwao alikuwa bado anakula na bado analala, kwa hiyo mpishi na mtandika vitanda walipata wiki moja au mbili zaidi. Ila mtu mwenye hofu hachezi dansi, na hata angetaka, kukusanyika kulikuwa kumeshakatazwa. Muziki ukazimwa. Muziki ukizimwa anaondoka dijei, anafuata mlinzi wa mlangoni, baamedi wa zamu ya usiku, mchoma mishikaki wa nje, bodaboda wa saa tisa za alfajiri na wale vijana wa sarakasi wanaocheza na moto ufukweni. Pati ya Kendwa hufuata mwezi mpevu, kila anayekijua kijiji hicho anajua. Mwaka ule mwezi ulipevuka tarehe 9 Machi, ukapevuka tena tarehe 8 Aprili. Kati ya tarehe hizo mbili kazi ilikuwa imekwisha.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya kuliko wote. Mtu wa usiku anachuma kuanzia Desemba hadi Machi. Aprili na Mei ni masika, hoteli kadhaa hufunga kabisa, na mwaka ule Ramadhani nayo iliingia mwishoni mwa Aprili. Kwa hiyo fedha ya Machi si ya Machi, ni ya kumvusha mtu mpaka Juni. Korona ilikata pale pale.

Jirani yangu hapa Soweto, kijana ninayemwita mdogo wangu ingawa hatuna undugu wa damu, alikuwa dijei katika hoteli moja ya kaskazini mwa Unguja. Siitaji, maana hoteli za aina hiyo ziko nyingi. Alirudi mwisho wa Machi: boti hadi Dar es Salaam, kisha basi la Ubungo, zaidi ya kilomita 800, mashine yake ya kuchanganyia muziki ameipakata mapajani, imeviringishwa blanketi, kwa kuwa hakuiamini buti ya basi. Hakuwa na barua ya kusimamishwa kazi kwa sababu hakuwahi kuwa na barua ya kuajiriwa. Alilipwa kwa usiku aliopiga, na bakshishi juu yake. Bosi wake alimpigia simu: pumzika kwanza mdogo wangu, tutaitana. Pango la chumba cha Nungwi lilikuwa limelipwa miezi sita mbele, na haikurudi hata senti.

Alitegemea apate riziki ya hapa nyumbani. Bara baa hazikufungwa, kama unavyokumbuka. Tuliambiwa tuchape kazi na tunawe mikono. Kila mlango wa baa ya Soweto ukawekwa ndoo ya maji tiririka na kipande cha sabuni, daladala zikapakia kwa siti tu, na jioni watu wakawa wanajifukiza nyungu badala ya kutoka. Wanywaji wetu wa katikati ya wiki ni madereva wa malori ya Zambia na Kongo. Mei mwaka huo Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, malori yakapanga foleni Tunduma, na kaunta za huku zikabaki na wenyeji wanaokunywa kwa daftari. Nani amlipe dijei?

Spika moja ikauzwa. Ukafuata mkopo wa kausha damu, na jina lake linajieleza. Mwishowe mama yake, aliyeko Kyela, akauza magunia ya mpunga aliyokuwa ameyaweka akisubiri bei ipande. Mheshimiwa, hiyo ndiyo ilikuwa bima ya usiku wa Zanzibar mwaka 2020: mpunga wa mama wa Kyela. Mama huyo hajawahi kuvuka bahari, hajawahi kuona mtalii wa Kendwa, na hakuna taarifa ya serikali yoyote iliyomtaja kuwa mchangiaji wa sekta.

Wageni, wao, walihesabiwa vizuri. Mwaka 2019 waliingia Zanzibar wageni 538,264; mwaka 2020 wakashuka hadi 260,644. Hizo ni takwimu safi na siwezi kuzibeza. Ninachouliza ni hiki: katika mwaka huohuo wafanyakazi wa usiku walioondoka visiwani walikuwa wangapi, na walikwenda wapi? Mwaka 2021 Serikali ya Muungano ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, zikatengwa shilingi trilioni 1.3 za ustawi na mapambano dhidi ya UVIKO-19, na mgao wa Zanzibar ukawa bilioni 231. Bara tuliona madarasa 15,000 yakisimama, na watoto wetu wanasoma humo; nani alalamike? Lakini mdogo wangu hakuwa na dirisha la kugonga. Kwa Zanzibar alikuwa mtu wa bara aliyerudi kwao. Kwa Mbeya alikuwa mtu wa starehe, na mtu wa starehe hapewi fomu ya mjasiriamali. Hili linachekesha kidogo katika mji uliomtuma Bungeni msanii wa hip hop, Sugu, kwa miaka kumi.

Sisemi kwamba kuzima muziki kulikuwa kosa. Machi ileile, huko Ischgl, kijiji cha watalii wa theluji Austria, mhudumu wa baa aligundulika na virusi tarehe 7. Kijiji kiliwekwa karantini tarehe 13, lakini wageni walikuwa wameshaubeba ugonjwa kwenda nchi nyingi za Ulaya. Usiku ni njia ya maradhi, hilo halina ubishi. Lakini tazama aliyegundulika kwanza: ni mhudumu. Anayesimama kaunta anapumuliwa na mji mzima, na hatari ikithibitika anakuwa wa kwanza kutolewa. Ukimwambia aondoke kwa faida ya wote, basi wote wana deni kwake. Uganda ilifunga baa Machi 2020, ikaja kuzifungua Januari 2022. Karibu miaka miwili! Hakuna akiba ya baamedi inayofika huko.

Najua pia wapo wazee wetu wa Unguja watakaosema usiku huo ungekufa tu, pati zenyewe hazina heshima. Nawaelewa, na Soweto nako tuna majirani wa baa wasiolala. Ila serikali yako inatoa leseni kwa hizo baa na inakusanya kodi kwazo. Januari 2024, vinywaji vilipoadimika mahotelini, mmoja wa waliokutangulia katika kiti hicho alilisema hadharani kuwa utalii unaumia. Ikiwa upungufu wa bia ni jambo la waziri, mtu anayeifungua hiyo bia naye ni jambo la waziri.

Fedha ipo, na hapa ndipo ninapokuomba uniangalie usoni. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni mtu mzima kutoka nje anayekuja Zanzibar analipa bima ya dola 44 kwa Shirika la Bima la Zanzibar. Mwaka huo wageni walipita 700,000. Begi la mgeni likipotea, bima ipo. Akiugua, ipo. Anayemhudumia hadi saa kumi za usiku hana hata karatasi. Siombi mgeni aongezewe dola. Naomba sehemu ya makusanyo hayo iwekwe kando kila mwaka, iwe mfuko wa dharura wa wafanyakazi wa utalii, unaofunguka siku serikali inapotangaza kufunga shughuli kwa sababu ya ugonjwa.

Mfuko bila majina utaliwa na wajanja, kwa hiyo orodha itangulie. Kamisheni ya Utalii ndiyo inayotoa leseni. Hoteli au baa ikija kuhuisha yake, ije na majina ya wote wanaofanya kazi usiku, na mkataba wa kila mmoja, hata wa ukurasa mmoja, hata kama analipwa kwa usiku. Hapo ndipo michango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF) inapoweza kudaiwa. Na jina la mtu wa bara liandikwe kama la mwingine yeyote, pamoja na wilaya anayotoka, ili siku akirudi huku halmashauri zetu zijue zimempokea nani. Nakala ya barua hii naipeleka kwa mwenzako wa Maliasili na Utalii, Dodoma, kwa sababu upande huu wa bahari nao una kazi ya kufanya.

Wala magonjwa ya mlipuko si hadithi ya zamani. Homa ya Marburg iliingia Kagera mwaka 2023, ikarudi Januari 2025. Safari hizo ilizuiliwa palepale, na wauguzi wetu wanastahili sifa. Ijayo ikitua Unguja katikati ya msimu, muziki utazimwa usiku huohuo, na inapaswa uzimwe.

Mdogo wangu alirudi Nungwi mwishoni mwa 2020, ndege za Warusi zilipoanza kujaa, na bado yuko huko anapiga muziki. Nimemuuliza kabla ya kuandika barua hii kama sasa ana mkataba. Hana. Naomba, Mheshimiwa, uanze na hilo kabla ya leseni za mwaka ujao kutolewa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Soweto, Mbeya